Operesheni ya mishipa ya miguu iliyovimba: mwongozo kuanzia kipimo hadi kurudi kazini

Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji, na kila siku ya kliniki nasikia maswali yale yale. Mshipa ukitolewa, damu itapita wapi? Nitalazwa siku ngapi? Kwa nini daktari hanipasui leo, ananituma kwanza kwenye kipimo? Mama mmoja aliniuliza hayo yote akiwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu, mlangoni mwa thieta. Nilimjibu, lakini iliniuma kwamba amefika pale bila mtu kumweleza. Kwa hiyo nimeyaandika hapa kwa mpangilio wa siku zinavyokuja.

Operesheni yenyewe huchukua saa moja au mbili, na hiyo mwachie daktari. Mambo mengi ninayoona yakiharibika huharibika kabla na baada, yaani sehemu iliyo mikononi mwako na mwa ndugu zako. Ndiyo maana mwongozo huu umeegemea huko.

Je, wewe ni wa kupasuliwa?

Ndani ya vena za miguu, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, kuna vali ndogo zinazozuia damu isirudi chini wakati inapanda kwenda moyoni. Vali zikilegea, damu inarudi, mshipa unapanuka na kujikunja chini ya ngozi kama mzizi wa mwembe. Sehemu kubwa ya damu ya mguu hupanda kwa vena za ndani kabisa, katikati ya misuli. Ile ya juu iliyoharibika ikiondolewa, damu inaendelea kupita huko ndani, na mguu haufi.

Upasuaji hufikiriwa pale mishipa iliyovimba inapoleta uzito na maumivu ya kila siku, mguu unapovimba kila jioni, ngozi ya juu ya kifundo inapokuwa nyeusi na ngumu au yenye ukurutu, mshipa unapopasuka na kutoa damu, damu inapoganda ndani ya mshipa wa juu, au kidonda kinapotokea karibu na kifundo, mara nyingi upande wa ndani. Kidonda hicho wengi hukiita kidonda ndugu, wakakifunga majani na unga wa vidonge kwa miaka bila mtu kuuangalia mshipa unaokilisha.

Vijishipa vyembamba vya zambarau vinavyofanana na utando wa buibui havihitaji operesheni hii. Mjamzito naye asubiri: mishipa mingi hunywea yenyewe miezi michache baada ya kujifungua.

Neno moja kuhusu lugha. Ukifika mapokezi ukasema "nina mshipa", hasa huku Pwani, wengi wataelewa ngiri au busha, na unaweza kupangwa foleni isiyo yako. Sema "mishipa ya damu ya miguuni imevimba", kisha pandisha nguo uonyeshe.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Barua ya rufaa na kadi ya bima. Uliza mapema kama operesheni yako inahitaji kibali cha bima kabla ya siku yenyewe. Walio Kenya wakumbuke kwamba tangu Oktoba 2024 mambo haya yamehamia SHA kutoka NHIF ya zamani; Tanzania bado ni NHIF.
- Majibu ya ultrasaundi ya dopla ya mguu (nitaieleza hatua ya 1).
- Vipimo vya wingi wa damu, kundi la damu, sukari na figo. Mwenye kidonda cha muda mrefu apimwe na selimundu (sickle cell) pia, kwa sababu ugonjwa huo nao hutoa vidonda palepale kifundoni, na tiba yake ni nyingine.
- Dawa zako zote ndani ya mfuko mmoja, pamoja na za mitishamba. Lete pakiti zenyewe. "Kile kidonge cheupe cha presha" hakitusaidii.
- Soksi za kubana za kipimo chako.
- Ndugu mmoja wa kukusindikiza, kukurudisha, na kulala nawe nyumba moja usiku wa kwanza.
- Nguo pana: dera, khanga, msuli au kaptura kubwa. Suruali ya jinzi haitapita juu ya bendeji.
- Gharama kwa maandishi. Uliza kama imejumuisha ganzi, kitanda, soksi na kliniki ya marudio.

Hatua

1. Pata dopla, na ipigwe ukiwa umesimama. Kipimo hiki kinaonyesha damu inaelekea wapi ndani ya mshipa. Mpimaji ataminya shavu la mguu kisha ataliachia. Katika vena za juu, damu ikirudi chini kwa zaidi ya nusu sekunde, vali hapo ni mbovu. Ukipimwa umelala chali, ubovu mwingi unaweza kujificha, kwa hiyo ukiambiwa panda kitandani tu, uliza kwa upole kama utasimamishwa pia.

Kuna sababu nyingine nzito zaidi. Mtu aliyewahi kuganda damu kwenye vena za ndani anaweza kuwa na njia iliyoziba huko, na mishipa ya juu iliyovimba ikawa ndiyo njia yake ya pembeni. Ukiing'oa hiyo, umemfungia mlango wa mwisho. Kosa la kwanza ninalokuomba usilifanye ni kukubali kupasuliwa bila dopla, hata kama bei ni nafuu na tarehe ni kesho.

2. Kaa na daktari mchague njia. Ya zamani, na ambayo hospitali nyingi kubwa za rufaa zinaiweza, ni kufunga vena kubwa ya mguu pale inapoungana na vena ya ndani kwenye kinena, kisha kuing'oa kwa waya mwembamba. Kufunga ni kazi ya Trendelenburg, daktari wa Ujerumani wa karne ya 19. Waya wa kung'olea ndani ya mshipa ulikuja na Babcock wa Marekani mwaka 1907. Mishipa midogo ya pembeni huvutwa kwa ndoano ndogo kupitia matundu ya milimita mbili tatu.

Njia mpya ni kuuchoma mshipa kwa ndani kwa leza au mawimbi ya redio, kwa ganzi ya sehemu tu. Ipo pia sindano ya dawa ya povu. Mwongozo wa mwaka 2013 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayoandika miongozo ya tiba, unazipanga hivi: kuchoma kwa ndani kwanza, povu pili, kung'oa tatu, na soksi peke yake kwa asiyefaa hizo zote. Kama leza ipo na unaimudu, vizuri. Lakini usikae miaka miwili na kidonda kibichi ukisubiri leza wakati daktari wa upasuaji anaweza kukufunga na kukung'oa mshipa mwezi huu. Utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2004 uliwafuata wagonjwa wa vidonda vya aina hii: ndani ya mwaka mmoja, vidonda vilirudi kwa watu 12 katika kila 100 waliopasuliwa na kufungwa bendeji za kubana, na kwa 28 katika 100 waliofungwa bendeji peke yake. Upasuaji huo ulikuwa wa njia ya zamani.

Muulize daktari mambo haya: ni vena gani hasa yenye ubovu, atafanya mguu mmoja au yote miwili, ganzi ya aina gani, na kama utarudi nyumbani siku hiyohiyo.

3. Wiki tano hivi kabla, panga dawa na ngozi. Kama unatumia dawa ya kuyeyusha damu, aspirini, dawa za kisukari au vidonge vya majira, mwambie daktari sasa, si asubuhi ya operesheni. Majira yenye homoni ya estrojeni huongeza uwezekano wa damu kuganda, na daktari anaweza kukuomba uyaache wiki nne kabla. Ukiyaacha, tumia kinga nyingine. Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako mwenyewe. Nimeona mgonjwa aliyeacha dawa za presha "ili mwili uwe safi", akarudishwa nyumbani kutoka mlangoni kwa sababu presha ilikuwa juu mno kwa ganzi.

Acha sigara. Kidonda kioshwe na kufungwa kila siku kama ulivyoelekezwa, na fangasi za katikati ya vidole zitibiwe, kwani vijidudu huingilia hapo.

Huu ndio wakati wa kupimwa soksi: asubuhi, kabla mguu haujavimba, sehemu nyembamba ya kifundo na sehemu nene ya shavu la mguu, na paja kama ni soksi ndefu. Mwenye kisukari, mvutaji sigara au mzee ambaye miguu inamuuma akitembea umbali mfupi apimwe kwanza presha ya kifundo ikilinganishwa na ya mkono. Ya kifundo ikigawanywa kwa ya mkono ikatoa chini ya 0.8, soksi kali inaweza kuunyima mguu damu.

4. Unapoisubiri tarehe, jua kuzuia damu. Foleni inaweza kuwa ndefu, na mshipa mkubwa wenye ngozi nyembamba juu yake unaweza kupasuka kwa kugongwa na stuli tu. Mama lishe mmoja aliletwa kwetu kwa bajaji, ameketi, mguu unaning'inia, khanga imekazwa juu ya goti mpaka imezama kwenye nyama, na damu inaruka. Walioifunga walimpenda na walikuwa wanahangaika kumwokoa. Lakini kitambaa kilichokazwa juu huzuia damu isipande huku inayoshuka ikiendelea kushuka, na mguu ukining'inia presha inazidi. Tulimlaza sakafuni palepale, mwenzangu akaunyanyua mguu begani kwake, mimi nikaikata khanga na kukandamiza tundu kwa vidole viwili juu ya gozi. Tundu lenyewe lilikuwa dogo kuliko punje ya mchele. Damu ikakata.

Nawe fanya hivyohivyo: laza mtu, inua mguu juu kupita usawa wa moyo, kandamiza palepale panapotoka damu kwa dakika kumi bila kuchungulia, funga bendeji, nenda hospitali. Wafundishe na wa nyumbani.

Na usikubali kuchanjwa wala kuumikwa juu ya mishipa hiyo. Wapo wanaoamini kwamba ni damu chafu inayotakiwa kutolewa. Vali mbovu haiponi kwa wembe, na ngozi ya hapo ikishakatwa inaweza kukataa kufunga.

5. Siku moja kabla. Oga vizuri kwa sabuni, mguu mzima hadi kinena. Usipake mafuta, kwa sababu wino wa kalamu ya kuchorea mishipa hautashika. Usinyoe kwa wembe: mikwaruzo midogo usiyoiona huingiza vijidudu. Nywele zikihitajika kuondolewa, tutazipunguza sisi kwa mashine. Kucha zisiwe na rangi, maana kifaa cha kupima oksijeni huvishwa kidoleni. Kama una hina nyeusi, mwambie mtu wa ganzi.

Chakula kiishe saa sita kabla ya operesheni. Maji matupu kwa kawaida huruhusiwa hadi saa mbili kabla, ila fuata uliyoandikiwa. Chai ya maziwa ni chakula. Uji ni chakula. Hili limeahirisha operesheni nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu: "Sijala, nimekunywa chai tu." Anayetumia dawa za kisukari aulize atafanyaje asubuhi hiyo, kwa sababu kumeza dawa bila kula kunaweza kushusha sukari vibaya.

6. Asubuhi: kuchorwa. Utasimama dakika chache mpaka mishipa ijae, kisha daktari atachuchumaa mbele yako na kalamu ya wino mzito aichore mmojammoja, huku akiibonyeza kwa kidole kufuata inakoelekea. Ukilala mezani mishipa hunywea na kupotea, kwa hiyo michoro hiyo ndiyo ramani yake. Hapa una kazi. Simama wima usiegemee, hakikisha anachora mguu ulio sahihi, na mwonyeshe pale panapokuuma ambapo yeye hajapaona. Usiifute michoro.

7. Ndani ya thieta. Utapewa sindano ya mgongo au nusu kaputi. Kwa leza, utachomwa sindano za ganzi kando ya mshipa, na unaweza kusikia kuvutwa lakini hutakiwi kusikia maumivu; ukiyasikia, sema. Katika kung'oa, vena hutolewa kwa kawaida kutoka kinena hadi usawa wa goti tu. Chini ya hapo, mshipa wa fahamu wa ngozi umeshikana nayo sana na hujeruhiwa kwa urahisi.

8. Siku ya kwanza: tembea. Ganzi ikishaisha na ukaweza kuinua miguu yote miwili mwenyewe, keti pembeni ya kitanda, muuguzi akushike, simama, tembea. Mara ya kwanza usisimame peke yako hata ukijiona una nguvu. Kisha tembea tena kila baada ya saa moja au mbili ukiwa macho, hata kama ni hadi chooni na kurudi.

Hili naligombania na ndugu kila wiki. Kwa upendo wao wanamlaza mgonjwa, wanamletea kila kitu kitandani, wanamwambia "pumzika mama, usisumbue mguu". Mguu uliotulia ndio unaogandisha damu. Ukikaa, chezesha vifundo juu na chini. Ukilala, weka mito miwili chini ya mguu upite usawa wa moyo. Kusimama pale pale bila kutembea, mfano kuogesha watoto au kukaanga maandazi, acha kwanza.

9. Wiki mbili za mwanzo. Bendeji kwa kawaida hukaa siku moja hadi chache, kisha soksi hufuata kwa muda utakaoandikiwa. Matundu yasilowe mpaka uruhusiwe. Waislamu huniuliza kuhusu udhu: kupangusa juu ya bendeji kunaruhusiwa, na unaweza kuswali ukiwa umekaa mpaka kinena kiache kuvuta.

Soksi hizi zinawashinda watu, na nyingi huishia kabatini. Ivae asubuhi kabla ya kushuka kitandani. Vaa glovu za mpira za kuoshea vyombo, zinashika kitambaa bila kukichana kwa kucha. Ingiza mkono ndani ya soksi, kamata kisigino chake, igeuze nje-ndani mpaka kisigino. Ingiza vidole vya mguu, vuta mpaka kisigino cha soksi kikae juu ya kisigino chako, ndipo uipandishe kidogokidogo kwa viganja. Usiivute kwa juu, na usikunje ukingo unaobaki: mkunjo huo unabana kama mpira wa kufungia pesa. Jasho la Dar es Salaam au Mombasa likikusumbua, nunua pea mbili ufue moja kila siku, uianike kivulini.

10. Kurudi kazini. Anayekaa ofisini huweza kurudi baada ya wiki moja au mbili. Kinyozi, mwalimu, mlinzi, mpishi, yeyote anayesimama kutwa, apewe wiki mbili hadi tatu au zaidi. Gari na pikipiki ni pale utakapoweza kukanyaga breki ghafla bila mguu kusita. Safari ndefu ya basi au ndege iahirishe kwa wiki kadhaa, na kama haiepukiki zungumza na daktari kwanza.

Ukiona hivi, fanya hivi

*Paja limekuwa jeusi na la bluu.* Ni damu iliyovilia kwenye njia ya mshipa uliotolewa. Hubadilika rangi kuwa kijani, kisha njano, na huisha katika wiki chache.

*Kuna mabonge magumu kama kamba chini ya ngozi.* Hayo nayo ni ya kawaida, huchukua wiki au miezi kulainika. Usiyachue kwa nguvu.

*Ganzi au kuwashwa sehemu ya kifundo au muundi.* Neva ya ngozi imeguswa. Kwa wengi hupungua polepole, kwa wachache sehemu ndogo hubaki hivyo. Itaje siku ya kliniki.

*Bendeji imelowa damu.* Lala, inua mguu, kandamiza dakika kumi. Ikiendelea, rudi hospitali.

*Vidole vya mguu vimekuwa baridi, vyeupe au vya bluu, vinauma sana.* Bendeji imebana mno. Ilegeze mara moja, kisha piga simu wodini.

*Kidonda cha kinena kinatoa usaha, kina joto na wekundu unaosambaa, au una homa.* Rudi siku hiyohiyo. Usinunue antibaiotiki dukani ukajipangia dozi.

*Shavu la mguu limevimba upya, gumu, linauma, hasa mguu mmoja.* Damu inaweza kuwa imeganda kwenye vena ya ndani. Nenda leo, usisubiri kliniki, na mguu usichuliwe na mtu.

*Pumzi inakata ghafla, kifua kinachoma ukivuta hewa, unakohoa damu.* Bonge linaweza kuwa limefika mapafuni. Hapo ni dharura, hata kama ni saa nane usiku.

*Kidonda cha zamani hakijafunga.* Kuuondolea mguu mshipa mbovu hakukifungi kidonda kesho yake. Katika utafiti mwingine wa Uingereza uliotolewa mwaka 2018, nusu ya wagonjwa waliotibiwa mshipa mapema walikuwa wamepona vidonda kufikia siku ya 56, na wale ambao tiba ya mshipa ilicheleweshwa walifikia nusu siku ya 82. Wote walikuwa kwenye bendeji za kubana muda wote huo. Endelea kufunga. Kikikaa miezi mitatu bila dalili ya kupungua, omba kipimo cha kinyama, yaani kipande kidogo cha kidonda kikatwe kikaangaliwe maabara.

*Mishipa mingine imetokea baada ya miaka.* Hutokea, na si lazima ina maana kwamba ulipasuliwa vibaya, maana vali nyingine zinaweza kulegea baadaye. Utahitaji dopla mpya, na daktari atataka kujua ni vena gani ilifungwa na wapi. Kwa hiyo siku ya kuruhusiwa, kabla hujatoka wodini, omba karatasi yenye maelezo ya operesheni, ipige picha kwa simu, na umtumie picha hiyo yule ndugu aliyekusindikiza.